Kazi za Mikono: Gasketi Haiungui Bure

Motokaa ya zamani katika jamaa si kitu cha fahari. Ndiyo inayopeleka makabichi na mihogo sokoni, ndiyo inayomfikisha mama mja mzito hospitalini usiku wa manane, na faida yake ndiyo inayolipa karo ya watoto. Basi siku inapoanza kutoa moshi mweupe na kunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi, nyumba nzima yaingiwa na wasiwasi. Fundi mmoja asema: “Injini imekufa, nunueni nyingine.” Mwingine asema: “Tieni dawa hii katika rejeta, mtafika tu.” Mara nyingi wote wawili hawakusema kweli. Kilichoharibika ni kibamba chembamba, unene wake wapita milimita moja kidogo tu. Ndiyo gasketi ya kichwa cha injini, ambayo mafundi wetu wa Kongo huiita kwa Kifaransa joint de culasse.

Kuibadilisha ni kazi ambayo baba mwenye subira, pamoja na mwana wa kumsaidia, aweza kuifanya uani kwake. Lakini kabla hatujashika spana, twataka mlishike neno moja: gasketi haiungui bure. Anayeweka mpya pasipo kutafuta kilichoiunguza ile ya kwanza, amezima moshi akauacha moto.

Mlinzi kati ya maadui watatu

Injini ina sehemu kubwa mbili zilizolaliana. Chini ni bloku, yaani kiwiliwili chenye silinda ambamo pistoni hupanda na kushuka. Juu ni kichwa, chenye valvu na plagi. Kati ya sehemu hizo hupita vitu vitatu visivyopatana hata kidogo: moto wa petroli, ambao kwa kitambo kidogo hupita digrii 2,000, maji ya kupoza, na oili ya kulainisha. Gasketi yasimama katikati kama mlinzi mlangoni, ikimzuia kila mmoja asiingie kwa mwenziwe.

Katika injini nyingi bloku ni ya chuma, bali kichwa ni cha aluminiamu. Aluminiamu ikipashwa moto hutanuka karibu mara mbili kuliko chuma. Vijana wa shule na wafanye hesabu: kipande cha aluminiamu chenye urefu wa sentimita 45 kikiongezewa digrii 80 za joto, hurefuka karibu milimita 0.8, cha chuma hurefuka karibu 0.4 tu. Kila siku injini ipatapo moto na kupoa, vitu hivi viwili hukwaruzana, na gasketi ndiyo inayovumilia. Kwa joto la kawaida yaweza kuvumilia miaka mingi. Lakini injini ikichemka kupita kiasi, kichwa chapinda kama ubao ulioachwa juani. Hapo pana upenyo, na moto ukiisha kupata upenyo haungoji.

Dalili, na jinsi ya kutodanganyika

Dalili zenyewe ni hizi. Maji ya rejeta yapungua wala hamwoni pavujapo. Moshi mweupe watoka nyuma hata injini ikiisha kupata moto. Oili yageuka rangi ya kahawa yenye maziwa. Mapovu yatokea katika rejeta injini iungurumapo. Mpira wa maji wa juu wakakamaa dakika chache tu baada ya kuwasha injini iliyokuwa baridi.

Lakini msihukumu kwa dalili moja. Asubuhi ya baridi katika milima yetu ya Kivu kila motokaa hutoa mvuke mweupe kidogo. Nao ukiisha baada ya muda, hapana ubaya. Vilevile utando mweupe chini ya kifuniko cha oili waweza kuwa umande tu, kwa gari liendalo safari fupi fupi.

Ili tusiseme kwa ujumla tu, tutashika injini moja, Toyota 22R, yenye silinda 4 na ujazo wa sentimita 2,366, iliyotiwa katika pikapu za Hilux tangu mwanzo wa miaka ya 1980. Mwenye injini ya namna nyingine afuate utaratibu huu, bali vipimo avitafute katika kitabu cha injini yake, maana hazifanani zote. Kwa mfano Peugeot 504 ya petroli ina silinda zinazoweza kung'oka katika bloku. Kichwa kikiisha kuondolewa, asiizungushe injini kabla ya kuzibana silinda hizo, la sivyo zitainuka na maji yatashuka katika oili.

Katika 22R, azimeni kwanza kipimo cha mgandamizo, mkifunge mahali pa plagi moja moja. Silinda nzima hufikia karibu kilo 12 kwa sentimita moja ya mraba, na haifai kupungua chini ya 10. Silinda mbili zilizo jirani zikiwa dhaifu pamoja, yaelekea sana gasketi imeungua kati yake.

Tena injini hii ina hila moja ambayo imewapotosha wengi. Mbele yake kuna mnyororo unaozungusha kamshafti, nao huongozwa na vibao vya plastiki. Vibao hivyo vikizeeka huvunjika. Mnyororo wakwaruza kifuniko chake, siku kwa siku, mpaka utoboe njia ya maji iliyo nyuma yake. Hapo maji huingia katika oili, na kila mtu apiga kelele: “Gasketi!” Kumbe gasketi ni nzima. Kwa hiyo, kabla ya kufungua kichwa, ondoeni kifuniko cha valvu, mmulike kwa tochi kando ya mnyororo. Mkiona mfereji uliochimbwa katika kifuniko, ugonjwa ni huo, na dawa yake ni nyingine.

Kufungua

Injini iwe imepoa kabisa. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe kamwe kikiwa cha moto; wako watu walioungua uso na macho kwa haraka ya dakika moja. Fungeni magurudumu kwa mawe, toeni waya wa betri. Mwageni maji ya rejeta na ya bloku katika beseni, si ardhini. Kama maji hayo yametiwa dawa ya rejeta, jueni ya kuwa dawa nyingi za namna hiyo ni sumu yenye utamu. Mtoto au mbwa akiyanywa aweza kufa. Beseni lifunikwe na kuwekwa mbali.

Sasa mpeni mwana daftari na kalamu. Kila mpira na kila waya unaotolewa upewe karatasi yenye namba, na namba hiyo iandikwe daftarini pamoja na mahali pake. Bolti zitiwe katika makopo mbalimbali. Mwana huyo asidhani amepewa kazi ndogo. Kazi nyingi za namna hii huharibika siku ya kurudisha, wala si siku ya kufungua, kwa sababu hapana aliyeandika.

Zungusheni injini kwa mkono mpaka pistoni ya kwanza iwe juu kabisa, valvu zake mbili zikiwa zimefungwa. Tieni alama ya rangi katika mnyororo na katika gurudumu la meno la kamshafti, na vilevile mahali distribyuta ilipoelekea. Ondoeni distribyuta, kisha bolti ya gurudumu, mlitoe gurudumu taratibu pamoja na mnyororo wake. Lifungeni kwa waya lisianguke. Mnyororo ukilegea, kifaa kinachoukaza chaweza kuchomoza huko ndani, nanyi mtaongezewa kazi ya siku nzima.

Hapo angalieni sana. Mbele ya kichwa, chini ya mahali gurudumu lilipokuwa, kuna kidimbwi cha oili. Ndani ya oili hiyo imejificha bolti moja inayofunga kichwa na kifuniko cha mnyororo. Asiyeijua hufungua bolti zote, kisha ashangaa kwa nini kichwa hakitoki. Achukua mtaimbo, avunja aluminiamu. Faneni oili kwa kitambaa, nanyi mtaiona.

Baada ya hayo fungueni bomba la ekzosi, kisha bolti kubwa 10 za kichwa, ambazo ndizo pia zinazoshika roka za valvu. Zilegezwe kidogo kidogo kwa mizunguko mitatu, mkianzia pembeni na kumalizia katikati, ili kichwa kisipinde. Kichwa na manifoldi zake ni kizito: watu wawili wakiinue wima. Bisibisi isichomekwe kati ya nyuso mbili. Jeraha dogo hapo ni njia mpya ya moto.

Kusoma gasketi

Msiitupe gasketi ya zamani. Ilazeni juani, muisome kama barua. Mahali palipoungua pataonekana peusi, au ukingo wake wa chuma utakuwa umekatika. Tazameni na pistoni: ile iliyosafika kuliko nyingine, kama iliyooshwa, ndimo maji yalimoingia.

Kisha safisheni nyuso zote mbili. Kwa aluminiamu tumieni kibao au plastiki ngumu, wala si patasi. Msitumie mashine ya msasa. Vumbi lake hushuka katika oili na kula vyuma laini vinavyobeba mhimili wa injini. Silinda zizibwe kwa vitambaa safi wakati wa kazi. Matundu ya bolti yakaushwe kabisa, maana maji au oili iliyobaki chini ya tundu haina pa kwenda bolti iingiapo, nayo yaweza kupasua bloku.

Sasa wekeni rula ya chuma iliyonyoka juu ya uso wa kichwa: kwa urefu, kwa upana, na kwa mshazari pande zote mbili. Jaribuni kupitisha chini yake vijibamba vya kupimia nafasi. Kijibamba cha milimita 0.15 kikipita, kichwa kimepinda kuliko kinavyoruhusiwa. Hapo kazi ya nyumbani imekoma. Kichwa kipelekwe kwa mwenye mashine ya kusawazisha, naye akague pia nyufa kati ya valvu. Yuko atakayewaambia: “Tieni gasketi mbili,” au “Pakeni gundi nyingi.” Msimsikilize. Gharama ya mashine ni ndogo kuliko gharama ya kufungua mara ya pili.

Kufunga

Gasketi mpya ilinganishwe na ya zamani, tundu kwa tundu. Iwekwe kavu, upande wake sahihi ukiwa juu. Gundi yatiwa mahali pawili tu, pale pembeni mbele ambapo kifuniko cha mnyororo hukutana na bloku. Shusheni kichwa bila kukisukuma huku na huku.

Bolti zipakwe oili kidogo, kisha zikazwe kwa mizunguko mitatu, safari hii kuanzia katikati na kwenda pembeni, kama mwanamke akunjuaye mkeka kwa viganja ili usibaki mkunjo. Mzunguko wa mwisho ufike kilo-meta 8. Maana yake ni nini? Ni nguvu ya kilo 8 ikivuta ncha ya mpini wenye urefu wa meta 1. Mpini ukiwa wa nusu meta, yatakiwa kilo 16. Iko spana yenye kipimo chake, na asiyekuwa nayo aiazime kwa fundi. Akiikosa kabisa, mizani ya ndoano ikivutwa sawasawa kwenye ncha ya mpini, kwa pembe mraba, yafaa kuliko mkono unaobahatisha. Mkono wa mtu mwenye nguvu hujisifu bure: bolti moja huikaza mno, nyingine huiacha imelegea, na gasketi huungua pale palipolegea.

Rudisheni gurudumu la kamshafti alama kwa alama, na bolti yake ikazwe kwa nguvu ile ile. Msiisahau bolti iliyojificha. Kisha, kabla ya kutia ufunguo, zungusheni injini kwa mkono mara mbili kamili. Ikikwama, simameni, msiilazimishe, maana valvu imegonga pistoni na alama zimekosewa.

Rekebisheni nafasi za valvu. Injini ikiwa na moto, ni milimita 0.20 kwa valvu za kuingiza na 0.30 kwa valvu za kutoa. Pistoni ya kwanza ikiwa juu, valvu zake zikiwa zimefungwa, pimeni za kuingiza za silinda 1 na 2, na za kutoa za 1 na 3. Zungusheni mara moja kamili, mpime zile zilizobaki. Tieni oili mpya na chujio jipya. Na kama maji yalikuwa yameingia katika oili, imwageni tena baada ya siku chache za kazi, kwa sababu mabaki ya maji hukaa katika vichochoro.

Nani aliyeiunguza?

Sasa twarudi kwenye neno letu. Injini imefungwa, yaunguruma vizuri, baba afurahi. Lakini aliyeiunguza gasketi angali yumo garini. Ni nani?

Huenda ni rejeta iliyoziba. Wengi wetu hutia maji ya mtoni, yenye tope na chumvi za mawe. Nayo maji hukauka, tope hubaki. Mwageni maji safi kwa nguvu kupitia rejeta, kutoka chini kwenda juu. Mkiona yatoka kwa shida, ipelekeni isafishwe. Baadaye tumieni maji ya mvua yaliyochujwa, pamoja na dawa ya kuzuia kutu.

Huenda ni mkanda wa feni uliolegea, au pampu ya maji inayovuja. Huenda ni kifuniko cha rejeta. Watu hukidharau, wakakifunga hata kwa kitambaa na kamba. Basi wasikie: kule Bukavu, karibu meta 1,500 juu ya bahari, maji katika sufuria huchemka kwa digrii 95 hivi, si 100. Kifuniko kizima huyabana maji kwa kilo 0.9 hivi kwa sentimita ya mraba, na kwa sababu hiyo hayachemki mpaka yapite digrii 110. Gari litokalo Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, meta 773 juu ya bahari, likipanda milima ya Ngomo na mzigo wake kwenda Bukavu, lahitaji digrii hizo kama mtu ahitajivyo pumzi. Kifuniko kibovu huiba pumzi hiyo mlimani katikati.

Huenda, mwisho, ni thamostati, au tuseme kukosekana kwake. Mafundi wengi huitoa na kuitupa, wakisema: “Nchi zetu ni za joto, haina kazi.” Si kweli. Thamostati hufunga njia ya maji mpaka injini ipate moto wake, kisha huifungua. Pasipo hiyo, injini hutembea baridi katika tambarare, hula petroli nyingi na kuchakaa upesi. Na rejeta iliyoziba hupata maficho, hata siku ya mlima mkubwa. Thamostati iliyokwama ibadilishwe. Ijaribuni katika sufuria ya maji jikoni: yapaswa kufunguka kabla maji hayajachemka.

Tena dereva mwenyewe asijisahau. Mshale wa joto ukipanda, asimame. Apumzishe injini nusu saa hata abiria wakinung'unika. Kilomita mbili za ukaidi zatosha kuunguza kazi ya siku tatu.

Haki katika ufundi

Wapenzi wasomaji, kuna dhambi inayofanyika katika mambo haya, wala haisemwi sana. Mtu ajua gasketi ya gari lake imeungua. Atia dawa ya kuziba katika rejeta, aosha injini ing'ae, auza kwa jirani siku ya Jumamosi, na Jumapili yuko kanisani mstari wa mbele. Jirani amekopa fedha za wenziwe ili anunue gari lile. Baada ya juma moja limekufa njiani, na watoto wake wamerudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Huo ni wizi kamili, hata kama mnunuzi alitia sahihi. Amri ya saba haikuandikwa kwa ajili ya wavunja milango tu. Aliyeuza hivyo yampasa kurudisha, si kuungama peke yake.

Na fundi apokeaye fedha za gasketi mpya akarudisha ya zamani iliyopakwa gundi, ajue ya kuwa Baba Mtakatifu Pius XII, alipoweka mwaka 1955 sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, tarehe 1 Mei, alituonyesha msimamizi aliye mfano wa kila mwenye karakana. Fundi na ajiulize kila jioni: kazi hii niliyoifunga, ambayo hapana macho yatakayoiona ndani, naweza kuifungua mbele ya Yosefu?

Maana sehemu iliyo bora ya kazi hii haionekani. Kifuniko kikiisha kurudishwa, hapana ajuaye kama nyuso zilisafishwa, kama bolti zilipimwa, kama chanzo cha joto kilitafutwa. Njia ya milima peke yake itajua.

Kwa wanaoanza kazi hii juma hili, twawatakia mikono mitulivu. Someni kwanza hadi mwisho, kusanyeni vyombo vyote, ndipo mfungue bolti ya kwanza.